Malisho ni Njia ya Uzalishaji: Suala la Mifugo Katika Kibaha na Kisarawe

Katika vikao vya wilaya na mkoa suala la mifugo huletwa mezani karibu kila mwaka, na karibu kila mwaka huletwa kwa sura ile ile, yaani kama taarifa ya ulinzi na usalama. Ng'ombe wameingia shambani, mkulima ameumizwa, boma la mfugaji limechomwa moto, amri imetolewa mifugo iondoke katika siku saba. Kikao hupokea taarifa, hulaani, hukazia amri, hufungwa. Kiangazi kinachofuata taarifa hiyo inarudi, yamebadilishwa majina ya vijiji tu.

Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba suala hili limewekwa mahali pasipo pake. Haliwezi kueleweka kama suala la ulinzi, wala si ugomvi wa makabila. Ni suala la nani mwenye mamlaka juu ya njia ya uzalishaji inayoitwa malisho, na nani anafaidi mazao yanayotokana nayo.

Tumechagua wilaya za Kibaha na Kisarawe kwa sababu ziko mlangoni mwa Dar es Salaam, soko kubwa kuliko yote nchini la nyama na maziwa. Mgongano ambao kwingine umejificha, hapa uko wazi. Tena ni rahisi kujifunza hapa. Mwanafunzi wa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kwa Mfipa, Kibaha, iliyofunguliwa mwaka 2022, hahitaji safari ya siku mbili kwenda Simanjiro ili aonane na mfugaji. Akitoka asubuhi kupitia Mlandizi kwenda Kwala na Magindu, mchana atakuwa ameketi na mfugaji wa Kimasai chini ya mti, na kama ana masikio atarudi na mengi kuliko yaliyomo humu.

WAFUGAJI WALIFIKAJE PWANI

Mzee yeyote wa Kizaramo atakueleza kwamba nchi hii haikuwa nchi ya ng'ombe. Watu walikuwa na mihogo, mpunga wa mabondeni, minazi na mikorosho, wakafuga kuku na mbuzi wachache. Sababu haikuwa uvivu wala mila. Sababu ilikuwa mbung'o. Inzi huyu hukaa vichakani na katika vivuli vya misitu, na humwambukiza ng'ombe nagana, ugonjwa unaomkondesha mpaka kufa. Ng'ombe waliopita Pwani walikuwa wa safari: waliteremshwa kwa mabehewa ya reli kutoka Usukuma na Unyamwezi, wakauzwa Pugu, wakachinjwa.

Hali hiyo ilibadilishwa na mji. Dar es Salaam ilipokua ilitaka mkaa, kuni, mbao na mashamba. Misitu ya kandokando ya reli na barabara ikakatwa, vivuli vikapungua, mbung'o akarudi nyuma, na dawa za nagana zikapatikana madukani. Palipokuwa na msitu pakaota nyasi. Hapana budi jambo hili lisemwe wazi, maana husahaulika kila mfugaji anapotuhumiwa kwamba ameharibu mazingira ya Pwani: tanuri la mkaa lilimtangulia ng'ombe.

Wakati huo huo malisho ya bara yalikuwa yakipungua, na hayakupunguzwa na ukame peke yake. Katika uwanda wa Basotu, Hanang, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la NAFCO lilifungua kwa msaada wa Kanada mashamba ya ngano yaliyofikia ekari zipatazo 100,000. Ngano ilihitajika, kwani nchi ilitaka kujilisha. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, yenye udongo wa rutuba ambao mifugo iliutegemea wakati wa mvua, na yalipoondoka, malisho dhaifu yaliyobaki hayakuweza kubeba mifugo ile ile. Waliohama walielekea kusini na mashariki. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu, Mbarali, wakaelekezwa Lindi na Pwani. Mwaka 2012 ikafika zamu ya bonde la Kilombero.

Kila operesheni ilikuwa na hoja yake, na nyingine zilikuwa hoja nzito: maji ya Ruaha Mkuu ndiyo umeme wa Mtera na Kidatu. Lakini tuangalie hesabu. Operesheni humwondoa ng'ombe katika taarifa ya wilaya moja na kumwandika katika taarifa ya wilaya nyingine. Njiani mfugaji hupoteza ndama, hulipa faini, huuza fahali kwa bei ya kutupa, na hufika ugenini akiwa maskini na mwenye hasira kuliko alivyoondoka. Mkulima wa Mzenga au Vikumburu, ambaye hakuhusika kwa lolote na maji ya Ruaha, ndiye anayempokea.

SAYANSI YA KUHAMA

Wapo makada wanaoamini kwamba mfugaji huhama kwa sababu hajaelimika, na kwamba akijengewa shule, zahanati na josho atatulia. Shule, zahanati na josho ni haki yake, lakini hazibadilishi tabia ya nyasi.

Jani linapoliwa, mmea huota upya kwa kutumia chakula ulichokiweka mizizini na kwenye shina. Ukiachwa wiki kadhaa hurudisha akiba hiyo. Ukiliwa tena kabla haujairudisha, mizizi hufupika, na baada ya kuliwa hivyo mara nyingi mmea hufa, mahali pake pakashikwa na magugu na miba. Kwa hiyo uharibifu wa malisho hautokani na idadi ya ng'ombe peke yake. Unatokana na idadi ikichanganyika na muda. Ng'ombe mia mbili waliopita kwa siku tano wakaondoka wanaweza kuacha malisho salama, na ng'ombe hamsini waliofungiwa mahali pamoja mwaka mzima wakayamaliza. Mfugaji anayehama anayapa majani nafasi ya kupumzika.

Pwani ina jambo lake la ziada. Mvua ni nyingi kuliko Umasaini, zikija kwa vuli na masika, na nyasi hurefuka upesi. Mgeni akiziona husema hapa hakuna njaa ya mifugo. Lakini nyasi ndefu zikishachanua hukomaa zikawa ngumu kama makuti, lishe yake hushuka, na ng'ombe huweza kukonda tumbo likiwa limejaa. Ndiyo maana kiangazi mifugo hukimbilia mbuga za udongo mweusi za bonde la Ruvu, ambako unyevu hubaki na ukoka huwa bado mbichi. Huko huko ndiko kwenye mpunga na bustani. Anayejua jambo hili anaweza kutabiri ugomvi utatokea mwezi gani na mahali gani, na anayeweza kutabiri anaweza kupanga.

Wafugaji wenyewe hawakuwa bila mipango. Wamasai hutenga malisho ya ndama na ya wanyama wagonjwa karibu na maboma, yanayoitwa alalili, na watu wazima hawaingizi ng'ombe humo. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua likafunguliwa kiangazi. Operesheni ya Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 ilipowahamisha watu, ngitili nyingi ziliachwa bila wa kuzilinda, na Shinyanga ikawa jangwa la kuonyeshwa wageni. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na baada ya kujaribu miche ya vitalu ikagundua kwamba dawa ilikuwa mikononi mwa wananchi. Ngitili zilizofufuliwa zilizidi hekta 300,000. Kundi la Wasukuma waliofika Kisarawe na Rufiji limetoka katika watu hao hao. Kama hapa hawafungi ngitili, si kwa kuwa wamesahau. Mtu hafungi malisho ambayo anaweza kufukuzwa kesho.

NANI ANACHUKUA ARDHI

Azimio la Arusha lilipozitaja njia kuu za uchumi mwaka 1967, lilianza na ardhi. Kwa mkulima, ardhi huonekana: ina mihogo na mpaka. Malisho hayaonekani. Mwezi ambao mifugo haipo, malisho huitwa pori, na pori huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Mfano tunao Kisarawe. Mwaka 2009 vijiji 11 viliachia hekta 8,211 kwa kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ili ipande mibono ya kutengenezea mafuta ya magari. Ili mwekezaji apewe ardhi hiyo kwa miaka 99, sheria ilidai kwanza igeuzwe kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Watu waliahidiwa ajira na visima. Mwaka 2011 kampuni ilianguka, vibarua wakaachishwa kazi. Mibono ilikwisha lakini ardhi haikurudi kijijini, kwa sababu ilikuwa imekwisha kutoka katika mamlaka ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hisa zilihamia kwa mwekezaji mwingine. Tunawaomba makada walinganishe. Hekta 8,211 zilizotoka kwa muhuri hazikuitwa uvamizi, lakini mfugaji aliyeingia na ng'ombe sitini aliitwa mvamizi.

Upande wa Kibaha ardhi huondoka kwa vipande vidogo. Mtu wa mjini hununua ekari ishirini au hamsini, huweka nguzo na mlinzi mmoja, kisha husubiri bei ipande. Hazai chakula wala hafugi. Mkulima husogea mbali zaidi, mfugaji pia husogea, na wote wawili hukutana bondeni, ambako hupigania kilichobaki huku aliyewasukuma hajulikani hata jina.

Wala wafugaji wenyewe si tabaka moja. Kuna familia ambayo maisha yake yote ni ng'ombe ishirini na mbuzi, na kuna kundi la mamia ambalo mwenyewe ni mfanyabiashara au mtumishi anayekaa mjini, akalichungisha kwa vijana wa ujira mdogo. Kijana huyo akiambiwa kundi lisikonde, atalipitisha shambani usiku. Faini kwa tajiri huyu ni gharama ya biashara tu, na katika baadhi ya vijiji tayari amekwisha kumlipa kiongozi fedha za kumkaribisha ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote. Mkulima akilipiza kisasi, atamchomea boma yule mwenye ng'ombe ishirini, maana ndiye aliye karibu. Kada asiyepambanua matabaka haya atakuwa mtumishi wa tajiri bila kujua, awe amesimama upande wa wakulima au wa wafugaji.

HESABU YA MAJI

Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, mvua za vuli zilikwenda kombo, Mto Ruvu ukapungua, na Dar es Salaam ikapata maji kwa mgao. Lawama nyingi ziliwaangukia wafugaji na wakulima wa umwagiliaji. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, na umejengwa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 40. Tuchukulie, kwa hesabu tu, kwamba ng'ombe 50,000 wananywa mtoni kila siku: jumla ni lita milioni 2, kiasi ambacho mtambo hauwezi hata kukisikia.

Je, basi ng'ombe hawana madhara kwa mto? Wanayo, lakini kwa kwato. Kundi linaloteremka mahali pale pale kila siku huvunja ukingo, udongo huingia mtoni, kina hujaa mchanga, na mto hutanuka na kukauka upesi. Dawa ya kinywa ni kumkataza ng'ombe maji, na hiyo haiwezekani. Dawa ya kwato ni malambo na mabirika yaliyowekwa mbali na ukingo, na njia za mifugo zilizopimwa. Mwenye kukosea ugonjwa hukosea dawa.

MAZAO YA MIFUGO

Sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilikuta nchi ina ng'ombe wapatao milioni 33.9. Tunaitwa nchi ya mifugo, lakini mifugo ni mali ghafi mpaka ipate soko na kiwanda.

Tumfuate ng'ombe mmoja kutoka Magindu. Mfugaji humpeleka mnadani ana shida ya fedha ya matibabu au ya shule, na mnunuzi anaijua shida hiyo. Bei hukadiriwa kwa macho. Mwenye macho ya kukadiria ni dalali, aliyeangalia ng'ombe elfu kumi maishani mwake na kujua kilo zao buchani, wakati mfugaji anajua ukoo wa ng'ombe wake, rangi yake na maziwa ya mama yake, lakini si kilo. Mizani ingemaliza nusu ya unyonyaji huo kwa siku moja. Kisha huja lori, ushuru, mnada wa Pugu, dalali wa pili, machinjio, bucha.

Ngozi yake hupotea kabla ya kuchunwa. Chapa ya moto hupigwa ubavuni au mapajani, penye ngozi iliyo bora. Kupe na miba huongeza makovu. Kisu cha mchunaji asiyefundishwa hutoboa. Na kuanikwa chini juani huozesha kilichobaki. Miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda vya ngozi na, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro ambacho hakikuwahi kukaribia uwezo wake wala kuuza viatu nje kama ilivyokusudiwa. Walipanga mashine, wakasahau ubavu wa ng'ombe.

Maziwa ni mali ya wanawake. Katika boma la Kimasai mama ndiye anayekamua, anayegawa na anayeuza, na fedha hiyo ndiyo chumvi, unga na daftari. Maziwa ya jioni hayana pa kulala. Kwa joto la Pwani, yaliyokamuliwa saa kumi na mbili jioni huwa yamechacha kabla ya kufika sokoni kesho yake. Kinachohitajika Kwala au Dutumi ni tangi la kupoza, umeme wa uhakika na ushirika wa akina mama wenye daftari lao wenyewe; na pale ambapo tangi halijafika, mtindi na samli, ambavyo mama hawa wanajua kuvitengeneza, vinahitaji vyombo safi na mnunuzi wa kudumu. Kibaha haikosi mahali pa kufundishia. Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi nne za Nodiki na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, liliwekwa hapo pamoja na mafunzo ya wakulima.

Siku hizi Soga pana machinjio ya kisasa yanayouza nyama nje, hasa nchi za Ghuba. Ni hatua njema. Lakini mnunuzi wa nje anataka mbuzi wa umri mmoja, mwenye chanjo, na kila wiki, si msimu wa shida tu. Uwezo huo hauwezi kutoka kwa mfugaji ambaye hajui atalala wapi mwezi ujao. Kiwanda cha Soga na malisho ya Magindu ni suala moja.

TUNAVYOWEZA KUANZA

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi, na Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti ya mwisho kuhusu ugawaji wake. Inaruhusu pia vijiji viwili au zaidi kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 na Sheria ya Malisho ya 2010 zimeongeza nguvu. Kwa hiyo haidaiwi sheria mpya.

Kiteto imetangulia. Katika miaka ya 2010 vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa, chini ya mradi wa usimamizi endelevu wa malisho, vilikubaliana kwamba malisho hayawezi kukatwa mapande matatu kwa mipaka ya utawala, kwa kuwa mvua haiijui mipaka hiyo. Wakayapima kama eneo moja, wakaunda chama cha wafugaji, wakapata hati za kimila, wakaliita OLENGAPA kwa kuunganisha majina yao. Haikuwa kazi nyepesi. Wakulima waliokwisha kuingia humo walipinga. Lakini mwenye hati husikilizwa, na asiye nayo husubiri huruma.

Wapo watakaosema dawa ni kumpa kila mfugaji kipande chake na uhuru wa soko. Wamongolia walijaribu jambo linalofanana na hilo. Chini ya ushirika wao uliokamilishwa kufikia 1959, ushirika ulipanga uhamaji, ukaweka majani ya akiba na mabanda ya majira ya baridi, ukanunua mazao. Tusiupambe, maana maamuzi mengi yalitoka juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ushirika ukavunjwa, mifugo ikagawanywa, na kazi ya kupanga uhamaji ikabaki bila mwenyewe. Mifugo ilipanda kutoka kama milioni 25 hadi milioni 70 kufikia 2019, wakiwamo mbuzi wengi wa manyoya laini yanayotafutwa na soko la dunia. Baridi kali ya 2009 na 2010 iliua zaidi ya mifugo milioni 8, na maelfu ya familia zikahamia vitongoji vya Ulaanbaatar. Soko liliwaambia waongeze mbuzi. Hakuna aliyewaambia majani yatatoka wapi.

Kwa Kibaha na Kisarawe kazi ya kwanza ni ya matawi. Kabla mpimaji hajafika, tawi lijue kijijini nani anafuga, ng'ombe ni wa nani kweli kweli, wanapita wapi kila mwezi, na mpunga unavunwa lini. Orodha hiyo isomwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, wakulima na wafugaji wakiwapo, wanawake wakiwapo, na wenye makundi makubwa wanaokaa mjini watajwe majina yao. Kisha vijiji jirani vikae pamoja.

Na kuna jambo moja lisilongoja. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inakata wilaya ya Kibaha kupitia Soga na Ruvu, nayo imezungushiwa uzio. Mifugo huvuka kwa vivuko vya chini vilivyojengwa mahali maalumu. Vivuko hivyo sasa ndivyo vinavyoamua kundi lipite wapi kwenda mtoni, kwa miaka mingi ijayo. Mbele ya kila kivuko kijiji kinatakiwa kuacha njia yenye upana wa kutosha na kuiandika katika mpango wake, kabla ekari zile hazijauzwa.